Mama Anayeanika Dagaa Atahudhuria Saa Ngapi?

Jua linapoanza kuchungulia nyuma ya vilima vya Kigoma, mitumbwi inakuwa njiani kurudi. Usiku kucha taa zake zimekuwa zikimeta ziwani, hata mtu aliyesimama kwenye miinuko ya Bangwe angedhani kuna mji mwingine juu ya maji. Sasa taa zimezimwa. Huko chini, kuelekea Katonga, akina mama wanateremka na ndoo na beseni vichwani. Wengine wana watoto mgongoni. Wote wana haraka, kwa sababu dagaa hawamsubiri mtu.

Hebu tumfikirie mama mmoja kati yao. Si mtu fulani. Ni mfano wa wengi. Ananunua dagaa wabichi, pengine nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa mkopo. Anawaosha, anawaanika, kisha anakaa kuwalinda dhidi ya kunguru, kuku na mbuzi. Baada ya muda anawageuza. Jua likiwa kali atawaanua jioni. Mawingu yakitanda atalala na wasiwasi. Na mvua ikimkuta yuko mbali, mtaji wake wote unaweza kuoza katika saa chache, na deni likabaki palepale.

Sasa tuseme kwamba asubuhi hiyohiyo, saa 3 kamili, umeitishwa mkutano katika ofisi ya kata. Gari la matangazo lilipita jana. Ajenda ni nzuri sana: usawa, vikundi vya wanawake, mikopo isiyo na riba, haki za watu wenye ulemavu. Kila mtu amekaribishwa. Mama yetu amesikia tangazo, na moyo wake unataka kwenda. Lakini nani atawageuza dagaa? Basi haendi. Jioni itaandikwa kwamba wananchi walialikwa na waliohudhuria walikuwa wachache.

Je, mama huyo alikatazwa? La hasha. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mlango ulio wazi saa ambayo huwezi kuupita, una tofauti gani na mlango uliofungwa?

Usiku wa wanaume, mchana wa wanawake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, nalo ni mali ya nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Katika maji yake mna samaki wawili wadogo tunaowaita kwa jina moja la dagaa, na yupo mgebuka anayewawinda. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, dagaa mkavu amekuwa na njia ya kwenda mbali. Leo hii mama wa Dodoma au Dar es Salaam akitaja dagaa wa Kigoma, hahitaji kueleza zaidi. Utamu wao unajulikana.

Anayewavua kwa kawaida ni mwanamume, usiku. Anayewafanya waweze kusafiri bila kuoza kwa kawaida ni mwanamke, mchana. Kazi hizi mbili zinategemeana kama mtumbwi na kasia. Hata hivyo, linapotajwa neno "mvuvi," watu wengi humwona mwanamume mwenye nyavu. Mwenye mtumbwi ana leseni, jina lake liko katika daftari, na akiitwa anajulikana aitwe wapi. Yule anayeanika juani mara nyingi hana daftari lolote linalomtaja.

Jambo hili si la Kigoma peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Chuo Kikuu cha Duke na shirika la WorldFish, walitoa ripoti kubwa kuhusu uvuvi mdogo duniani. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba kati ya kila watu 10 wanaojishughulisha na uvuvi mdogo, 4 ni wanawake. Ukihesabu tu waliomo ndani ya mitumbwi, hutawaona.

Sherehe ni njema, lakini kesho yake?

Hatukosi siku za kutukumbusha usawa. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake Duniani. Tarehe 13 Juni ni siku ya kuelimisha kuhusu ualbino, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2015. Kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba ni Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kampeni iliyoanza mwaka 1991. Na katikati ya hizo, 3 Desemba, ni Siku ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo imekuwapo tangu 1992.

Siku hizi ni njema. Kuna maandamano, kanga na vitenge vya sare, ngoma, na hotuba. Msichana anayemsikia mwanamke akihutubia uwanja mzima huondoka akiwa na kitu moyoni. Tusizidharau.

Lakini sherehe haiwezi kufanya kazi ya kesho yake. Kesho yake ndipo tunapouliza: Kikao cha mwalo kimepangwa saa ngapi? Fomu ya mkopo iko ofisi gani, na je, asiyejua kusoma atasaidiwa na nani? Ofisi ina ngazi ngapi, na mama anayetambaa atazipandaje? Maswali haya hayana ngoma wala sare. Hata hivyo, humo ndimo usawa unamopatikana au kupotea.

Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba hata kanisa la kwanza lilikutana na jambo la namna hii, kama inavyosimuliwa katika Matendo sura ya 6. Wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuishia kuwapa pole. Walibadili utaratibu, wakaweka watu wa kuusimamia.

Somo kutoka kwa majirani wa Burundi

Mabadiliko ya utaratibu si lazima yawe makubwa. Kaskazini mwetu, katika fukwe za Burundi za ziwa hilihili, akina mama walikuwa wakianika dagaa juu ya mchanga kama ilivyozoeleka huku. Mchanga uliingia katika samaki, wanyama waliwakanyaga, na mvua iliwaozesha. Inakadiriwa kwamba kama asilimia 15 ya samaki walipotea wakati wa kukaushwa.

Mwaka 2004 FAO ilianza kuonyesha njia nyingine: vichanja vya wavu wa waya vilivyoinuliwa kama meta 1 kutoka ardhini. Hewa ilipita juu na chini. Kazi iliyokuwa ikichukua hata siku 3 iliweza kumalizika kwa saa 8 siku yenye jua zuri. Dagaa walikuwa safi, na bei ikawa bora.

Lakini tazama faida nyingine ambayo haipimwi kwa kilo. Mama aliyekuwa amefungwa ufukweni kwa siku tatu sasa alikuwa na jioni yake. Aliweza kurudi nyumbani kwa watoto. Na mwenye jioni yake, anaweza pia kwenda mkutanoni.

Vichanja vimefika Kigoma pia, na akina mama wa Katonga ni miongoni mwa waliovitumia. Katika miaka ya karibuni mradi wa FISH4ACP, unaotekelezwa na FAO kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Ujerumani, umefanya kazi juu ya dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika kwa upande wetu wa Tanzania. Tatizo la kichanja ni gharama. Mbao na wavu vinahitaji fedha mkononi, na aliye maskini zaidi ndiye anayebaki mchangani. Hapo ndipo kikundi kinapohitajika.

Sanduku lenye kufuli tatu

Wengi wetu tunajua vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita VICOBA au hisa. Asili yake si benki kubwa. Mfumo huu ulianza mwaka 1991 nchini Niger, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kupanga vizuri zaidi michezo yao ya fedha. Wanachama hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Katika vikundi vingi sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Kuna pia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Hata hivyo, kikundi nacho kinaweza kuwa mlango uliofungwa. Thamani ya hisa ikiwa kubwa mno, mjane anayeuza visado viwili vya dagaa hataingia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kikundi chenye busara huweka hisa ambayo maskini wake anaweza kuinunua hata katika wiki mbaya, kisha humruhusu mwenye uwezo kununua hisa zaidi ya moja.

Iko pia mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilitajwa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribu utaratibu wa kuipitisha benki.

Hili ni jambo jema, lakini linaleta swali lilelile. Benki ina fomu, akaunti na saa zake za kufunga. Ikiwa hakuna mtu wa kuketi na akina mama mwaloni na kuwasomea fomu pole pole, asilimia 4 ile itawafikia wale waliozoea ofisi, si wale waliozoea jua. Mwulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kazi yake ni pamoja na kukueleza masharti na kukusaidia kusajili kikundi. Unapomwendea hujaomba hisani.

Tusiwasahau hata mwaloni

Kati ya akina mama wenyewe wapo ambao hata wenzao hawawaoni. Yupo aliyepata polio utotoni, ambaye kuinama mchangani ni mateso. Kichanja kinamfaa kuliko mtu yeyote, mradi urefu wake upimwe naye akiwa ameketi, si baada ya fundi kuondoka. Yupo kiziwi, ambaye mnadani bei hutangazwa kwa kelele asizozisikia. Bei ikionyeshwa pia kwa vidole, au ikiandikwa kwa chaki ubaoni, naye ni mnunuzi kama wengine.

Yupo pia dada mwenye ualbino. Mkoa wetu unajua historia chungu katika jambo hili. Wakati wa mauaji yaliyotikisa nchi, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto wenye ualbino walikimbiziwa Kabanga, wilayani Kasulu, wapate kulindwa. Walilindwa kwa kutengwa na nyumbani kwao, na hilo lenyewe ni jeraha. Jirani mwenye ualbino anayeishi kati yetu hahitaji kufichwa. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kazi isiyomweka juani mchana kutwa. Dagaa wanahitaji kupimwa, kuhesabiwa, kufungwa na kuandikiwa daftari, na hayo yote hufanyika kivulini. Kumpa kazi hiyo si kumhurumia. Kikundi kisicho na mtunza daftari mzuri hufa.

Sheria iko upande wao. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu asimfiche ndani kwa kuona haya. Mtoto asiyeonekana hawezi kuhesabiwa, na asiyehesabiwa hatengewi dawati wala dawa.

Ziwa linapofungwa

Mwaka 2024 mwambao wetu ulikutana na jambo geni. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania zilisimamishwa, ili samaki wazaliane na ziwa lipumzike. Nia ilikuwa njema: samaki walikuwa wamepungua, na ziwa lisilo na samaki halimlishi mtu yeyote.

Lakini tumkumbuke mama wa mfano wetu. Mitumbwi ikikaa nchi kavu miezi mitatu, naye amefungiwa duka lake. Inapojadiliwa nani asaidiwe, nani apewe mafunzo ya shughuli nyingine, orodha ikianza na leseni za mitumbwi itamwacha nje. Hakuna atakayekuwa amemchukia. Hakuwa tu katika daftari.

Hii ndiyo sababu kiti katika kamati si suala la heshima peke yake. Katika Ziwa Victoria, miongozo ya vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, iliweka kwamba kamati yenye wajumbe 9 hadi 15 iwe na wanawake wasiopungua 3. Miongozo ya kimataifa ya uvuvi mdogo, iliyopitishwa mwaka 2014, nayo inataja wazi usawa wa wanawake na wanaume tangu kuvua hadi kuuza. Mwaka 2019 wanawake wa sekta hii nchini walianzisha chama chao, TAWFA. Kwa hiyo mama wa mwaloni anapoomba kuwa katika kamati, haombi jambo jipya wala la ajabu.

Mbalamwezi ina nafasi

Turudi sasa kwenye swali letu: atahudhuria saa ngapi? Jibu liko angani. Kila mwezi mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwakusanya dagaa, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mwalo unanyamaza. Vichanja ni vitupu. Kila mtu wa Bangwe anazijua siku hizo bila kutazama kalenda.

Basi mikutano na ipangwe siku hizo. Haihitaji bajeti wala mfadhili. Inahitaji tu mtu mmoja anayepanga ratiba akumbuke kwamba yupo mama anayeanika.

Na yapo mambo mengine ambayo sisi wenyewe, wa kanisani, wa msikitini na wa mtaani, tunaweza kuanza nayo mwezi huu:

• Andikeni daftari la akina mama wote wa mwalo wenu: wanaonunua, wanaoanika, wanaobeba, wanaouza. Msimwache mgeni aliyehamia wala kijana wa kike aliyezaa kabla ya ndoa. Daftari hilo lipelekwe kwa mtendaji wa mtaa.

• Mkutano ukigongana na kazi, wekeni zamu: wawili wabaki kugeuza dagaa za wote, wengine waende, kisha warudi kuwaeleza. Mkutano ujao, wabadilishane.

• Chagueni mahali pasipo na ngazi. Kivuli cha mwembe ni ukumbi mzuri.

• Kila fomu isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya mtu yeyote kutia dole gumba.

• Akipigwa mama au akidhulumiwa mtoto, msiseme ni mambo ya ndani. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na simu namba 116 ya kumsaidia mtoto hupigwa bure.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalopigiwa ngoma. Lakini siku moja, mwezi ukiwa mkubwa juu ya ziwa, mama mmoja atakunja kanga yake, atamshika mkono jirani yake asiyeona vizuri, na wote wawili wataketi mstari wa mbele chini ya mwembe. Mwenyekiti atakapouliza kama kuna mwenye neno, atainua mkono. Dagaa wake hawatakuwa wakioza. Ataweza kusema mpaka amalize.